Mila zinapopewa mamlaka: elimu ya juu mikononi mwa Wanavajo

Kila tunapofika kwenye mada ya falsafa ya elimu, wanafunzi wangu wa ualimu huniuliza kama mila za jamii zinaweza kweli kuongoza chuo kikuu, au kama kazi yake huishia kwenye ngoma na mavazi ya siku ya mahafali. Ni swali la haki, kwa sababu wengi wao wametoka katika shule ambazo utamaduni ulikuwa kipindi cha mwisho cha Ijumaa. Nimezoea kuwajibu kwa mfano ambao nimeusoma na kuufuatilia kwa muda mrefu, nao uko mbali na kwetu: vyuo vinavyomilikiwa na makabila ya asili ya Marekani, na hasa kile kilichotangulia vyote, Diné College, kilichoko katika nchi ya Wanavajo huko Arizona. Kwa jinsi ninavyouelewa mfano huo, maadili ya jamii huongoza chuo pale tu yanapokuwa na mamlaka ya kuamua mambo ambayo bila hayo yangeamuliwa vinginevyo: nani afundishe, jambo gani lifundishwe lini, utafiti gani ukataliwe, na fedha zitumike kwa nani.

Wanavajo hujiita Diné, na nchi yao, yenye ukubwa wa takribani kilomita za mraba 70,000, imeenea katika majimbo ya Arizona, New Mexico na Utah. Kuanzia mwaka 1864 jeshi la Marekani liliwaswaga kwa miguu, zaidi ya watu 8,000, mwendo wa mamia ya kilomita hadi Bosque Redondo huko New Mexico, ambako walizuiliwa kwa miaka minne katika njaa na maradhi. Mkataba uliowaruhusu kurudi kwao ulitiwa saini tarehe 1 Juni 1868, na kifungu chake cha sita kiliwataka wapeleke shule watoto wote wenye umri wa miaka 6 hadi 16, huku serikali ikiahidi jengo la shule na mwalimu mmoja kwa kila watoto 30. Elimu ya kizungu, kwa hiyo, iliwafikia ikiwa ni sharti la kuachiliwa kutoka kizuizini.

Aina ya shule zilizofuata inajulikana. Mwaka 1879 Richard Henry Pratt, ofisa wa jeshi, alifungua shule ya bweni ya Carlisle katika jimbo la Pennsylvania, na shule hiyo ikawa kielelezo kwa nyingine nyingi: watoto walinyolewa nywele, wakapewa majina mapya na wakaadhibiwa kwa kusema lugha za mama zao. Manuelito, kiongozi wa Wanavajo aliyekuwa miongoni mwa waliotia alama zao kwenye mkataba ule, aliamini kwamba elimu ingewafaa watu wake, akakubali wanawe wapelekwe Carlisle, na akawapoteza kwa maradhi. Leo serikali ya Wanavajo inatoa ufadhili wa masomo ya juu wenye jina lake kwa wanafunzi wanaofaulu vizuri, na miongoni mwa masharti yake ni kuwa mwombaji awe amesoma lugha ya Kinavajo na mfumo wa serikali ya Wanavajo akiwa sekondari. Sharti hilo linanigusa kila ninapolikumbuka. Jina la baba aliyepoteza watoto kwenye shule iliyoharamisha lugha yao sasa linafungua mlango wa chuo kwa wale tu walioisoma lugha hiyo.

Miaka mia moja kamili baada ya mkataba, mwaka 1968, Baraza la Wanavajo chini ya mwenyekiti wake Raymond Nakai lilianzisha chuo chake lenyewe, wakati huo kikiitwa Navajo Community College. Miaka miwili nyuma yake ilikuwa imefunguliwa shule ya Rough Rock, iliyosimamiwa na wazazi wa Kinavajo ambao wengi wao hawakuwahi kukaa darasani, na watu waliojifunza kuendesha shule pale ndio waliokuja kuendesha chuo. Masomo yalianza Januari 1969 katika majengo ya kuazima ya shule ya bweni huko Many Farms. Mkuu wa kwanza, Robert Roessel, alikuwa mzungu, na mwaka huohuo alimwachia nafasi Ned Hatathli, Mnavajo. Bodi ya chuo ilikuwa ya Wanavajo watupu tangu siku ya kwanza. Kongresi ikapitisha sheria maalumu ya kukifadhili mwaka 1971, chuo kikahamia Tsaile mwaka 1973, na mwaka 1997 kikachukua jina la sasa.

Ramani ya Tsaile inaeleza mengi kabla hujafungua mtaala. Kampasi imepangwa kwa duara, kama ilivyo hogan, nyumba ya asili ya Wanavajo, ambayo mlango wake hutazama mashariki ili wakazi wapokee mapambazuko, na ambamo mtu akiingia kwenye ibada huzunguka kwa kufuata mwendo wa jua. Jengo linaloonekana kutoka mbali, la ghorofa sita na kuta za vioo, lilijengwa likiwa na pande nane kama hogan ya magogo na likapewa jina la Ned Hatathli, aliyefariki mwaka 1972 kabla ya kuliona likikamilika. Kujenga hivi kuligharimu fedha na maelezo mengi kwa wafadhili waliozoea majengo ya mraba. Lakini mwanafunzi anayekwenda darasani anapita kila siku katika mpangilio aliouzoea nyumbani kwa bibi yake.

Ndani ya mpangilio huo ndimo ilimo falsafa ya chuo, inayoitwa Sa'ah Naagháí Bik'eh Hózhóón. Wazee wenyewe wanakiri kwamba maneno haya hayafasiriki kwa mkupuo mmoja. Kwa ufupi yanahusu maisha marefu yanayoishiwa katika uwiano mzuri na watu, ardhi na viumbe vyote. Chuo kimeyapanga katika hatua nne zinazofuata pande nne za dunia. Mashariki ni Nitsáhákees, kufikiri. Kusini ni Nahat'á, kupanga. Magharibi ni Iiná, kuishi na kutenda yale yaliyopangwa. Kaskazini ni Siihasin, kutafakari yaliyotendwa hadi mtu apate uhakika wa kusonga mbele, na kutoka hapo anarudi mashariki kufikiri upya. Kila upande una mlima wake mtakatifu: Sisnaajiní mashariki, Tsoodził kusini, Dook'o'oosłííd magharibi na Dibé Ntsaa kaskazini, na una rangi yake, nyeupe ya alfajiri, buluu ya feruzi, njano ya machweo na nyeusi ya usiku. Mtoto wa Kinavajo aliyelelewa kimila anaijua milima hiyo kabla ya kujua majina ya majimbo ya Marekani.

Mwalimu msomaji anaweza kusema kwamba hata sisi tuna fikra, mpango, utekelezaji na tathmini katika andalio la somo. Ni kweli kwamba umbo linafanana, lakini kuna tofauti mbili ninazoziona kuwa kubwa. Ya kwanza ni kwamba tathmini yetu huja mwishoni kumhukumu mwanafunzi, kisha faili hufungwa, ilhali Siihasin ni sehemu ya kazi ya mwanafunzi mwenyewe na humrudisha mwanzo akiwa na swali lililokomaa. Ya pili ni kwamba hatua hizi zimefungamana na mwendo wa siku na wa umri: kufikiri ni alfajiri na utoto, kutafakari ni usiku na uzee. Mwanafunzi anayepanga mradi wa kilimo au wa uuguzi kwa utaratibu huu anatumia njia ileile ambayo babu yake aliitumia kulea kondoo na ambayo waganga wake huitumia katika ibada ya uponyaji. Hakuna utaratibu wa nyumbani na mwingine wa chuoni, na nadhani hapo ndipo penye siri ya kijana kujiona kuwa chuo ni chake.

Nguzo nyingine ni k'é, udugu unaomfunga mtu na wengine wote kwa ukoo. Katika semina moja ya mtandaoni kuhusu elimu ya jamii za asili nilimsikia msichana wa Kinavajo akijitambulisha. Hakuanza na shahada anayosomea. Alitaja kwanza ukoo wa mama yake, ambao ndio ukoo wake, kisha ukoo wa baba yake, kisha wa babu mzaa mama, kisha wa babu mzaa baba, kwa Kinavajo, polepole, bila kuomba radhi kwa muda aliotumia. Kisha ndipo akasema kwa Kiingereza jina lake na mada yake. Kwenye skrini kijana mwingine wa Kinavajo alitabasamu na kuandika kwamba kwa koo hizo yeye ni kaka yake. Hawakuwahi kuonana. Kuanzia hapo wakaitana dada na kaka hadi semina ikaisha, na kaka huyo ndiye aliyemtetea alipoulizwa swali gumu.

Msomaji wa kwetu hatashangaa sana, maana hata huku mgeni akifika huulizwa ni mtoto wa nani na wa ukoo gani, na jibu lake ndilo linaloamua kama ataitwa mjomba, shemeji au mtani. Tofauti ni kwamba sisi tunauacha mlangoni mwa chuo undugu huo, na wakati mwingine kwa sababu nzuri, kwa kuwa tumeona ukoo na ukabila vikitumiwa kugawa nafasi. Wanavajo wameuingiza darasani kwa namna nyingine. K'é humpa mtu wajibu kabla ya kumpa haki: ukishajua kwamba mwenzako ni dada yako, huwezi kumwacha aanguke mtihani huku una maelezo mazuri kwenye daftari lako, na mwalimu aliye shangazi kwa ukoo hawezi kunyamaza mwanafunzi akipotea wiki mbili. Katika chuo ambacho wanafunzi wengi ni wazazi, na wengine wanasafiri umbali mrefu kwenye barabara za vumbi ili kufika kipindini, wajibu wa aina hiyo unawabakiza watu masomoni.

Kuna jambo ambalo vyuo vya kawaida hulipata gumu zaidi kulikubali, nalo ni kwamba maarifa yana majira na yana mipaka. Kwa Wanavajo, hadithi za Coyote, mbweha mjanja wa simulizi zao, michezo ya nyuzi za vidoleni na mchezo wa usiku wa kuficha mpira ndani ya viatu ni vya majira ya baridi peke yake, wakati nyoka na dubu wamelala na radi haijasikika. Mwalimu anayeheshimu mila hawezi kuzipangia Juni kwa kuwa ratiba ya muhula inamtaka. Vivyo hivyo, nyimbo na sala za ibada ni amana ya hataałii, mtaalamu wa tiba na ibada, aliyejifunza kwa miaka mingi kwa mwalimu wake, na hazigawiwi kwa yeyote aliyelipa ada. Chuo kikuu cha kisasa kimejengwa juu ya imani kwamba kila kinachojulikana kinaweza kuandikwa, kufundishwa na kuchapishwa. Mimi mwenyewe nimelelewa katika imani hiyo na bado naithamini, lakini naona kuna hekima katika taasisi inayoweza kusema kwamba jambo hili tunalijua, lipo, na si la kila mtu wala si la kila siku.

Swali la nani afundishe linatokana na hapo. Tangu zama za Many Farms, masomo ya historia na utamaduni yaliwategemea wazee ambao hawakuwa na shahada yoyote, na kiwanda cha uchapishaji cha chuo kilichapisha simulizi zao kuhusu safari ya kwenda Bosque Redondo kama walivyozipokea kwa babu na bibi zao. Wakaguzi wa ithibati, ambao walikipa chuo ithibati kamili mwaka 1976, walizoea kuuliza walimu wana digrii gani. Mvutano huo haujakwisha, na sidhani utakwisha, kwa sababu kila upande una hoja: bila ithibati shahada ya mwanafunzi haitambuliki nje ya nchi ya Wanavajo, na bila wazee kozi ya historia ya Wanavajo ingefundishwa kutoka vitabu vya maofisa waliowafunga.

Katika utafiti, maadili yameonyesha meno yake. Kati ya mwaka 1944 na 1986 zilichimbwa kwenye nchi ya Wanavajo karibu tani milioni 30 za madini ya urani kwa ajili ya silaha na umeme, na machimbo zaidi ya 500 yaliachwa wazi, mengine karibu na nyumba na visima. Wachimbaji hawakuelezwa hatari iliyowakabili. Watu waliopitia hayo wana sababu ya kumuuliza mtafiti anatafuta nini, atakipeleka wapi, na kitarudi vipi. Serikali ya Wanavajo ina bodi yake ya kupitia utafiti unaohusu binadamu, na mwaka 2002 ilisitisha utafiti wa vinasaba vya watu wake, kwa kuwa damu na chembe za mwili ni sehemu ya mtu na haziwezi kuhifadhiwa kwenye jokofu la mbali na kutumiwa kwa maswali ambayo mwenyewe hakuyaridhia. Wapo wanasayansi waliolalamika kwamba magonjwa ya Wanavajo hayatafahamika vizuri. Naiona hoja yao, lakini naona pia kwamba jamii iliyokwisha kufanywa mali ghafi ina haki ya kuamua mwendo wake, na kwamba jibu la kudumu ni kuwa na watafiti wake, wanaotoka nyumba zilizo jirani na machimbo hayo. Wanafunzi wa Diné College wanapopima maji ya visima na kurudisha majibu kwenye mkutano wa kijiji kwa Kinavajo, mchakato mzima wa kufikiri, kupanga, kutenda na kutafakari unakuwa umekamilika mbele ya wenye visima.

Vyuo vingine vya makabila, ambavyo sasa ni zaidi ya 30, vimefuata njia zao. Walakota wa Rosebud, South Dakota, walikipa chuo chao jina la Sinte Gleska, kiongozi ambaye mwaka 1880 alifika Carlisle kuwaangalia wanawe, hakupendezwa na alichokiona, akaondoka nao. Walakota wa Pine Ridge, kwa upande wao, walikataa kukusanya watu mjini: Oglala Lakota College ina vituo vya kufundishia katika wilaya mbalimbali za nchi yao, ili chuo kiwafuate wazazi na wazee walipo. Sioni kwamba kuna kielelezo kimoja cha kuigwa, na hilo lenyewe linafuata mantiki ya jambo, kwa sababu maadili ya Walakota si ya Wanavajo.

Mahali ninapoona hatari kubwa zaidi ni kwenye lugha. Kinavajo kina wasemaji zaidi ya 160,000, idadi ambayo hakuna lugha nyingine ya asili nchini Marekani inayoikaribia, lakini watoto wanaoanza shule wakiwa wanakisema wanazidi kupungua. Mwaka 2014 mgombea mmoja wa urais wa Wanavajo aliondolewa kwenye kinyang'anyiro kwa sababu sheria ilidai rais awe msemaji fasaha na yeye hakuthibitisha kuwa hivyo. Mwaka uliofuata wananchi walipiga kura kulegeza sharti hilo. Sharti hilo lingeweza kuwafungia nje vijana wengi. Hapa vyuo vinabeba mzigo mzito, kwani falsafa ya hatua nne ikielezwa kwa Kiingereza pekee inaweza kuwa mchoro mzuri wa kubandika kwenye mpango mkakati, wenye rangi nne na mishale, usioamua lolote. Diné College inafundisha walimu wa lugha, na Navajo Technical University ya Crownpoint, New Mexico, imeanzisha shahada ya uzamivu katika utamaduni na lugha ya Kinavajo. Kwetu Tanzania, tuliokuwa na Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967 na Idara ya Kiswahili pale Mlimani mwaka 1970, bado mwanafunzi wa fizikia au sheria anasoma, anaandika na kutetea kazi yake kwa Kiingereza, ingawa lugha yetu ina wasemaji wengi mara mia kadhaa kuliko Kinavajo. Siwezi kuwaeleza wanafunzi wangu habari za Tsaile bila kuliona hilo.

Limebaki suala la fedha, ambalo watu wa utamaduni mara nyingi hawapendi kuligusa. Vyuo vya makabila mengine hupata ruzuku ya uendeshaji kupitia sheria ya mwaka 1978, na hesabu yake hufanywa kwa kichwa cha kila mwanafunzi wa asili. Kongresi kwa miaka mingi ilitenga chini ya kiasi ambacho sheria yenyewe iliruhusu. Aidha, mwanafunzi asiye wa asili, mtoto wa mfugaji wa kizungu anayeishi ng'ambo ya barabara kwa mfano, hahesabiwi, na hivyo hamletei mwalimu wake senti kutoka kwenye fungu hilo. Katika maeneo mengi ya vijijini huko Montana na Dakota, chuo cha kabila ndicho chuo pekee kilicho karibu. Mhasibu yeyote angeshauri mlango ufungwe au ada ya mgeni ipandishwe. Vyuo hivi vimeendelea kuwapokea majirani hao, vikiwafundisha uuguzi, kilimo na ualimu pamoja na historia ya ardhi wanayoikalia, na vikiigawa ruzuku ya wanafunzi waliohesabiwa ili iwatoshe na wale wasiohesabiwa.